Tope la Mama Nambozo

Mmeniuliza habari ya ile chupa. Ile iliyo kwenye rafu ya juu kabisa ya maabara, nyuma ya mizani mbovu, yenye kitambaa cha bluu ndani na karatasi ya mwandiko wangu: USIFUNGUE. USITUPE. Naambiwa mmoja wenu alidhani ni soksi. Mwingine akasema ni dawa ya kienyeji, Hajati aliiweka pale asifukuzwe kazi. Astaghafirullah! Kama ningekuwa na dawa ya namna hiyo ningelipaka goti langu.

Nitawaambia ni nini, lakini nitakwenda kwa mwendo wangu, na mwendo wangu siku hizi ni wa polepole. Nyinyi mna siku kumi za kusubiri mabuu wenu, kwa hiyo kaeni.

Kwa wasionijua: mimi ni Hajati Zaituni, mzaliwa wa Walukuba hapa Jinja, mjukuu wa askari Mnubi aliyekuja na bunduki akaishia na bustani ya mchicha. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa mchambuzi wa matope. Si kazi ya kujivunia harusini. Wifi zangu wakiulizwa nafanya nini walijibu, "Yuko maabara," wakanyamaza hapohapo, ili watu wadhani napima damu. Kumbe nilikuwa nimekaa kwenye kiti kirefu mbele ya sinia jeupe, natoa mabuu kwenye tope kwa unyoya wa kuku, mmoja mmoja, mpaka shingo inakakamaa.

Unyoya wa kuku, nasema. Najua nyinyi mna koleo za kisasa. Koleo humminya buu, akafa mkononi mwako, kisha unaandika kwamba kauawa na dawa ya shambani. Unyoya humbeba kama mtoto. Tafuteni wa bawa, si wa mkia.

Mabuu wenyewe mnawajua. Ni wale sami, nzi wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi halafu wanaingia kwenye chai ya kila mtu. Kabla hajawa nzi, sami hukaa chini ya maji, ndani ya tope, mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Samaki humla, nasi tunamla samaki. Na kwa kuwa buu hahami, chochote kinachoteremka na mvua kutoka mashambani humkuta nyumbani kwake. Ukipima maji ya mto leo utayakuta safi, kwa sababu yaliyobeba sumu yalipita juzi. Ndiyo maana tunapima tope.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Gurdip, Kalasinga mzaliwa wa Jinja kama mimi. Familia yake ilikuwa na karakana ya vyuma. Wakafukuzwa pamoja na Wahindi wengine wakati wa utawala wa jeshi, na miaka mingi baadaye yeye akarudi peke yake, akakuta karakana imekuwa stoo ya mahindi. Akaja kuomba kazi ya kutunza vyombo hapa maabara. Kilemba hakikuwahi kupinda, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana mpaka alipotuacha. "Zaituni," aliniambia siku ya kwanza, "tope hapana haraka. Wewe haraka ya nini?"

Siku hiyo nilikuwa nimemwaga kwenye sinki mabuu wa wiki nzima, nikidhani ni maji machafu. Hakunipigia kelele. Alifungua bomba la chini la sinki kwa spana, akaniletea sinia, akaniambia nitafute. Niliwapata kumi na tisa na pete ya mtu.

Kuhesabu nako kulikuwa na visa. Nilipoanza hatukuwa na hizi simu zenu zinazopiga picha na kuhesabu zenyewe. Nilihesabu kwa kichwa, na mtu akiita tu "Zaituni, chai!" nimepoteza. Nikachukua tasbihi ya mama. Buu mmoja, punje moja. Ilikwenda vizuri mpaka mama alipoinusa, akaniuliza nimeswali wapi. Nilipomweleza alikaa chini kabisa. "Zaituni, tasbihi ya hija unahesabia funza?" Wiki hiyohiyo Bwana Gurdip akanitafutia kidude cha kubonyeza.

Na sukari. Hii sijawahi kuisema. Ukiyeyusha sukari nyingi kwenye maji, ukamimina juu ya tope, wadudu wanaelea na uchafu unabaki chini. Bwana Gurdip hakupenda kutupa, alikuwa akiyachuja maji yale akayatumia hata mara tatu. Basi wakaja wageni wakubwa kutoka Kampala, karani wetu akakuta jagi la maji ya sukari tayari, akamshukuru Mungu, akatia kwenye chai. Mgeni mmoja aliisifu sana chai ile. Akaomba aongezewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaangalia dari. Kunyamaza kule hakukumdhuru mtu. Kulikofuata ndiko kulikozaa ile chupa.

Lakini kwanza kanuni, maana bila hiyo hamtaelewa nilichokosea. Mnapopima tope la mahali, mnalichuja kutoa mawe na wadudu wakali, mnalitia kwenye chupa, mnaweka mabuu ishirini kutoka tanki letu la kuzalishia, mnasubiri siku kumi, mnahesabu waliobaki hai. Pembeni mnaweka chupa ya tope safi, lile tunaloliita shahidi. Letu lilitoka kwenye chemchemi juu ya Mbale, mlimani, ambako hakuna shamba. Mabuu wakifa kwenye tope la shahidi, mjue mkosaji ni nyinyi. Na Bwana Gurdip alisema kila mara, kidole juu: "Tope safi pita njia moja na tope chafu. Ndoo ileile, kijiko ileile, chujio ileile. Kama hapana, wewe napima ndoo, hapana pima tope."

Nililisikia hilo labda mara mia mbili. Nilikuwa nawafundisha wengine. Na bado.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimebakiza miezi tisa kustaafu, tuliitwa Mbale. Samaki wa bwana mmoja, Wamono, walikuwa wamekufa kwenye bwawa lake upande wa chini wa mto Namatala, na Wamono alikuwa na mshtakiwa tayari. Juu ya mfereji wa bwawa lake palikuwa na bustani ya mjane mmoja, Mama Nambozo. Anapanda kabichi na nyanya, ananyunyiza dawa ya viwavi, mvua inateremsha. Wamono alitaka halmashauri ya kijiji imwondoe pale ukingoni. Halmashauri ikasema ngojeni watu wa maabara.

Daktari Akello, mkuu wetu, alibaki Jinja. Nikaenda mimi na dereva na chujio la shaba la Bwana Gurdip, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki.

Kule Mbale wazee wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari; ukimsalimia mzee kwa Kiswahili kabla hajakujua, roho yake inaruka. Mzee wa kwanza niliyemsimamisha kuuliza njia alivua kofia. "Afande, kosa yangu nini?" Nikamwambia mimi si afande, mimi ni mama wa matope. Hakuamini mpaka alipotazama viatu vyangu.

Mama Nambozo hakuogopa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo, mwisho wa mtaa wa Namatala, kulikobanana, na ile bustani ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu watatu ambao mama yao alifariki. Aliniambia hayo bila kulia, kama anayenionyesha mipaka ya shamba. "Hajati, mimi naweka dawa, sikatai. Viwavi nakula kabichi yote. Lakini samaki ya Wamono, mimi siui." Kisha akatupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Mtu unayekuja kumpima akikupikia, unakula ukitazama sahani.

Tulichukua tope mahali pane asubuhi, tope la shahidi likiwa mojawapo, yote tukayachuja palepale kwa chujio la shaba ili tusibebe mawe mpaka Jinja. Tope la Mama Nambozo lilikuwa la tano na la mwisho. Nikiwa katikati ya maji, wavu wa chujio ukachomoka kwenye pete yake, ukaning'inia kama ulimi. Dereva akatazama mawingu. Mimi nikatukana, Mungu anisamehe, kwa Kinubi.

"Hajati, ngoja," Mama Nambozo akasema. Akapanda mbio nyumbani, akarudi na pakiti haijafunguliwa. Chandarua. Vilikuwa vimegawiwa vya bure nyumba kwa nyumba. "Chukua hii. Walitupa neti mbili, na kitanda yangu ni moja." Akacheka, akaichana pakiti kwa meno yake mwenyewe, akanipa. Nikakata kipande, nikakikunja mara nne, nikachujia tope lake. Kilichuja vizuri ajabu. Kilikuwa na harufu, nikadhani ni harufu ya upya. Kwenye pakiti palikuwa na picha ya chandarua na mto wa maji, na alama nyekundu imekatiza juu. Niliiona. Nilidhani wanakataza kuvulia samaki.

Vijana wangu, mimi nililala ndani ya chandarua cha dawa miaka yote ya uzee wangu. Nilijua kinaua mbu. Mbu na sami ni kama binamu, na mabuu wao wote wa majini. Nilikuwa na maarifa yote hayo kichwani, kila moja limekaa kwenye chumba chake, hayakusalimiana. Mvua ilikuwa inakuja, nimechoka, nikajiambia tope ni tope. Shahidi alikuwa amekwisha kupita njia nyingine, sikurudi nyuma kumpitisha kwenye hii.

Jinja tukaweka mabuu. Siku ya kumi, kwenye matope mengine manne walikuwa hai, mmoja mmoja kafa, kawaida. Kwenye chupa zote za Mama Nambozo, tangu siku ya pili, hakuna aliyetikisika. Hakuna hata mmoja. Bwana Gurdip angekuwapo angesema, "Jibu nzuri sana, angalia mara mbili." Sisi tulifurahi kupata jibu zuri. Daktari Akello akatia sahihi, barua ikaenda, na halmashauri ikamwambia Mama Nambozo asipande tena pale ukingoni, na mvua zikianza awe ameondoka.

Wiki tatu zikapita. Kile kipande kilikuwa bado kwenye ndoo yangu, nimekisuuza kikakauka, kizuri, kipya. Kifuniko cha tanki la kuzalishia kikawa kimetoboka, na nzi wakitoroka mnajua inavyokuwa, tunawafukuza maabara nzima. Nikakitandika kile kipande juu ya tanki, nikafunga kamba, nikaenda nyumbani nimejipongeza.

Asubuhi nzi wote walikuwa juu ya maji, wamelala kama majani ya chai.

Nilikishika kile kitambaa, nikakinusa, na safari hii nikajua ile harufu ni ya nini. Nikaona pakiti, nikaona meno ya Mama Nambozo yakiichana, nikaona ile alama nyekundu, kumbe ilikataza kutia dawa ya chandarua majini. Yote yakaja kwa pamoja.

Sasa nisikilizeni, maana hapa watu wengi wanaowaandikia vijana hujipamba. Mimi sikukimbia kwenda kusema. Nilikikunja kile kitambaa nikakitia kwenye mkoba, nikasafisha tanki, nikamwambia Daktari kwamba nzi wamekufa kwa joto. Nilikaa nacho mkobani siku nzima. Nilipiga hesabu zangu: dereva hajui sayansi, Mama Nambozo hajui, Bwana Gurdip yuko kwa Mola wake, na mimi bado miezi saba niende zangu. Jiko lilikuwa linawaka nyumbani. Kipande kile kingeungua kwa dakika moja. Niliogopa, ndiyo ukweli. Niliogopa kuagwa kama mwanamke aliyechuja tope kwa chandarua.

Mama yangu alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa naona ni methali ya wagonjwa. Jioni nilikaa kula, kitoweo kilikuwa kabichi. Nikaisukuma sahani pembeni. Msicheke. Ilikuwa kabichi tu ya sokoni, lakini nilimwona yule mama na wajukuu wake watatu.

Kesho yake nikaweka kitambaa mezani kwa Daktari Akello, nikamweleza kila kitu, na la joto pia. Alikitazama bila kukigusa. "Hajati," akasema polepole, "barua ile ina sahihi yangu."

"Najua, Daktari."

"Kwa nini hukumpitisha shahidi?"

"Nilichoka."

Nadhani angependa jibu kubwa zaidi. Alivua miwani, akaifuta, akasema nitakwenda mimi kusema kwa mdomo wangu, yeye ataandika barua ya kufuta ile ya kwanza na kazi itarudiwa. Hakunipigia kelele. Bora angenipigia.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la watoto, watu wazima wamebanwa kwenye madawati, magoti yanagusa kidevu. Mwenyekiti mbele, Wamono dirishani, Mama Nambozo nyuma karibu na mlango. Nilisimama penye ubao, nikawaambia: tope la mama huyu tulilitia sumu sisi wenyewe kabla ya kulipima, kwa chandarua chenye dawa, na barua yetu ilikosea. Nikakionyesha kipande.

"Kwa hiyo samaki yangu yameuawa na neti?" Wamono akasema, darasa likaangua kicheko.

Mama Nambozo hakucheka. Alimwomba mwenyekiti ruhusa, akasimama. "Nauliza Hajati swali moja. Hiyo neti, ni ile yangu?"

"Ni ile yako."

"Ile nilikupa na mkono yangu."

"Ndiyo, mama."

Akanitazama. "Basi ningekunyima," akasema, akakaa.

Nimewahi kutukanwa kwa Kiganda, Kisoga na Kinubi, na mara moja kwa Kipunjabi. Hakuna lililoniingia kama lile, na halikuwa hata tusi. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na siku ile punda alikuwa mimi. Niliona haya. Nikaiweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule.

Mwenyekiti akasema uamuzi usimame mpaka tope lipimwe upya. Lakini mvua hazikutungojea. Miche ya kabichi ya Mama Nambozo ilikuwa imezeeka kitaluni kwa kukatazwa kupanda, mirefu, ya manjano, haifai hata kwa mbuzi. Barua ya kwanza inafutwa kwa barua ya pili, lakini msimu ukipita umepita.

Tuliporudi kuchukua tope, nilikuwa na chujio jipya la shaba na akiba yake, na shahidi alipita kila mahali walipopita wenzake, ndoo ileile, kijiko kileile. Niliongeza mahali pengine pia, kwenye kivuko cha miguu kilicho juu ya mfereji wa Wamono, ambapo nilikuwa nimeona povu. Mama Nambozo alisimama juu ya ukingo, mikono kifuani, toka mwanzo mpaka mwisho. Hatukupikiwa. Hatukupewa hata maji ya kunywa, na mnajua watu wa kule, mgeni hukosa maji pale tu nyumba inapokuwa na msiba au kinyongo.

Siku kumi nilikuwa nachungulia chupa zile kabla hata ya kuvua viatu. Na majibu yalitoka hivi: tope la Mama Nambozo, wengi hai. Si wote, wengi. Na nilipowaweka chini ya hadubini, wachache walikuwa na meno mabovu, yale meno madogo ya buu, mengine yamevunjika, mengine hayakuota. Hiyo ni alama ya dawa ndogondogo ya muda mrefu. Jifunzeni kuitazama, maana buu anaweza kuwa hai na bado ana ushahidi mdomoni. Tope la kivukoni ndilo lililokuwa baya. Pale walibaki hai wa kuhesabika kwa vidole.

Nikarudi kwenye lile darasa, safari hii na Daktari Akello. Nikasoma yote, na ya meno pia. Ningependa sana kusema bustani ile ilikuwa safi kama chemchemi, nilikuwa na deni kwa yule mama. Haikuwa hivyo, na nilikuwa nimechoka na uongo wa huruma kama wa uoga. Kisha nikauliza: ni nani anaosha bomba lake la kunyunyizia dawa pale kivukoni?

Watu wakatazama vidole vya miguu. Wamono alikuwa anatazama nje dirishani kama anasubiri mtu.

Mkono ukanyooka kule nyuma, karibu na mlango.

"Mimi naosha pale," Mama Nambozo akasema. "Toka zamani. Sikujua."

Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wote mle ndani. Halmashauri ilikuwa haijasema neno juu ya bustani yake, na alijua. Mimi nilikaa na siri yangu siku nzima mkobani. Yeye hakuchukua hata muda wa kukohoa. Baada yake ukanyooka mkono mwingine, na mwingine, na mwisho kabisa, si juu sana, usawa wa sikio, mkono wa Wamono.

Mwenyekiti alirudisha bustani, na wakakubaliana mabomba yaoshwe juu kwenye majani, mbali na maji. Msiniulize kama wote wanatii. Nimepita pale tangu siku hiyo, siku nyingine sikuona povu, siku nyingine niliona. Kazi yenu haijaisha, ndiyo maana bado mnalipwa.

Nilikitia kile kipande kwenye chupa, nikaifunga kwa nta, nikaandika yale maneno. Msifungue, kwa sababu dawa bado imo na tanki lenu liko hatua tatu tu. Msitupe, kwa sababu siku moja chujio lenu litachomoka na mvua itakuwa inakuja, na mtu mwema atawaletea kitu kizuri kwa mikono miwili.

Safari yangu ya mwisho Mbale ilikuwa wiki chache kabla ya kuagwa. Nilikuwa mtoni, suruali imekunjwa, nachuja. Nikasikia ile sauti ya ng'ambo. Mama Nambozo alikuwa anateremka ukingoni katikati ya kabichi mpya, anatembea kwa uangalifu, mkononi kikombe cha plastiki kimejaa maji. Watu kadhaa walikuwa wanapalilia pale jirani, wakainuka kutazama. Akasimama hatua moja mbele yangu, hajanipa bado.

"Hajati," akasema, uso mkavu, "hii maji naweza kukupa, ama italeta kesi?"

Wale wapaliliaji wakacheka mpaka majembe yakaanguka. Yeye mdomo ukamshinda, ukapinda kidogo pembeni. Nikaweka chujio chini, nikanawa tope, nikapokea kikombe kwa mikono miwili, na nikanywa mbele ya watu wote mpaka tone la mwisho.